Mjukuu Wangu Haniiti Shosho

Wapendwa, Bwana asifiwe.

Somo la juma hili ni 1 Samweli 3, mstari wa 1 hadi wa 15. Lisomeni kwanza, hata kama mnalijua tangu shule ya Jumapili. Nitawangoja.

Mwezi uliopita hawe wetu, bibi yetu wa Kisauni, alipigiwa simu. Alikuwa kibarazani anachambua mchicha, sinia mapajani, kisimu chake cha mulika mwizi kimelala juu ya kanga. Mpigaji alikuwa kijana, anahema, karibu alie. "Shosho, ni mimi mjukuu wako. Nimeshikwa na polisi, simu yangu wamechukua, nitumie elfu tatu kwa hii namba. Tafadhali usimwambie mtu." Mimi nilikuwa hapo nakunywa chai. Nikanyosha mkono nipewe simu, hawe akaukwepa. Alimsikiliza yule kijana mpaka mwisho, kisha akamwuliza, "Wewe ni mjukuu wangu yupi?"

"Shosho jamani, umenisahau?"

"Mjukuu wangu haniiti shosho." Akakata simu, akarudia mchicha wake.

Nilicheka siku nzima. Shosho ni neno la bara. Kwetu bibi ni hawe, ndivyo Wagiriama tusemavyo, na mtoto aliyelelewa mikononi mwake hawezi kumwita vingine hata akiwa seli. Hawe hajahudhuria semina yoyote ya kujikinga na matapeli. Ujumbe wa simu mwenyewe husomewa. Alichonacho ni miaka mingi ya kuitwa na watu wake.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikilisoma Yohana 10 kwa macho mengine. Yesu anasema kondoo humfuata mchungaji kwa sababu waijua sauti yake, kisha anaongeza kuhusu mgeni: "bali watamkimbia, kwa maana hawazijui sauti za wageni." Angalieni vizuri. Hakusema kondoo amezisomea sauti zote za wageni. Wageni ni wengi, na kila mwaka wanakuja na mtindo mpya. Kondoo anaijua sauti moja, na hiyo humtosha kuwagundua wengine wote. Sisi tunataka njia ya mkato, tupewe alama tano za sauti ya Mungu tuziandike nyuma ya Biblia. Ungemwuliza hawe alama tano za sauti ya wajukuu wake angekushangaa.

Lakini kuna jambo katika hadithi ya Samweli linalonifariji mimi niliye mzito wa kusikia. Mtoto yule alilala hekaluni, karibu na sanduku la Mungu lenyewe, na bado alipoitwa alikosea. Mara tatu alimkimbilia Eli. Kwa nini Eli? Sauti ya Eli ndiyo aliyoizoea, ndiyo iliyomtuma maji na kumwamsha asubuhi. Mstari wa 7 unasema wazi kwamba Samweli alikuwa hajamjua Bwana bado. Naye Bwana hakumkemea kwa kukosea. Alimwita tena, na tena, kwa jina lile lile. Hakupaza sauti hata kuta zitikisike. Kama mtoto alidhani ni mzee wa chumba cha pili, basi ilikuwa sauti ya kadiri hiyo.

Na Eli naye tusimpite haraka. Macho yalikuwa yamepofuka, wanawe walikuwa aibu ya nyumba ya Mungu, na yeye hakuwazuia. Ndiye huyo huyo aliyetambua kwamba Bwana anamwita mtoto. Mungu hutumia masikio ya wazee ambao maisha yao hayakunyooka sana, jambo ambalo sisi vijana wa ibada za kelele hatupendi kulisikia. Ila tazameni alichofanya baada ya kutambua. Hakusema, "Kaa hapa, nitakusikilizia." Alimrudisha mtoto alikolala. Enenda, kalale, akikuita, jibu mwenyewe.

Hapa sina budi kutaja Shakahola. Sisi wa Pwani hatuwezi kuzungumza habari ya sauti ya Mungu tukajifanya hatujui kilichofukuliwa katika msitu ule wa Kilifi kuanzia mwaka 2023. Miili zaidi ya 400, watoto kwa wakubwa, wengi wao watu waliofunga kula mpaka kufa wakiamini wanakwenda kumwona Yesu. Nimesikia watu wakiwaita wajinga. Mimi siwezi. Wengi wao walimpenda Mungu kuliko ninavyompenda mimi. Waliacha kazi na nyumba. Walichokosa ni Eli wa kuwarudisha kwa Bwana wakasikie wenyewe. Mtu akikuambia usiulize, usisome mwenyewe, usimwambie mama yako, kimbia. Hata yule tapeli wa simu alisema, "usimwambie mtu." "Wapenzi, msiiamini kila roho, bali zijaribuni," anasema Yohana. Amri hiyo imeandikwa kwa waumini, kwa hiyo kuuliza si ukosefu wa imani.

Si wachungaji wa uongo peke yao wanaotupoteza. Miaka michache iliyopita nilitaka tuktuk. Niliitaka hasa, rangi niliijua, nafasi ya kuegesha nilikwisha kuitafuta. Nikaomba, nikapata amani tele, nikamwambia mama watoto kwamba Mungu amenionyesha nichukue mkopo wa chama. Alikuwa juu ya mbuzi anakuna nazi. Hakuinua kichwa. "Umemwuliza," akasema, "au umemjulisha?"

Nilikasirika, nikamwambia hana imani. Mkopo nikachukua. Kabla ya miezi minne injini ikafa mbele ya soko la Kongowea, mchana wa jua kali, na abiria watatu ndani wakidai nauli yao. Deni nimelilipa mwaka mzima na zaidi. Nikikumbuka sasa, ile amani niliyoipata haikuwa na tofauti yoyote na furaha ya mtoto anayeota viatu vya Krismasi. Nilikuwa nimeisikia sauti yangu mwenyewe ikizungumza Kiswahili cha Biblia.

Hata hivyo ndugu mmoja katika ushirika wetu wa nyumbani alinifariji vibaya. Alisema, "Ungekuwa umemsikia Mungu, tuktuk ingefanya kazi." Hapo nakataa. Kosa langu lilikuwa pale jikoni, kabla injini haijawashwa hata mara moja. Ningeweza kufanikiwa na nikawa nimekosea vile vile. Na mtu anaweza kuitwa kweli na njia ikawa ya machozi. Ukivuka daraja la Nyali, upande ule wa ng'ambo kuna kaburi la Rosine, mke wa mmisionari Krapf. Walifika Mombasa mwaka 1844, na mwezi wa Julai mwaka huo huo mama yule akafariki pamoja na kitoto chake kichanga. Krapf mwenyewe moyo wake ulikuwa kwa Waoromo. Mombasa aliiona kama mlango wa kuwafikia. Hakuupata mlango ule alivyoutaka. Mwaka 1846 alikuwa Rabai pamoja na mmisionari mwenzake Rebmann, huku akiandika maneno ya Kiswahili moja moja. Je, alisikia vibaya? Sidhani. Paulo naye alikuwa akielekea Asia, Roho akamkataza, akajikuta Makedonia.

Neno la kwanza alilopewa Samweli halikuwa la baraka pia. Ilikuwa hukumu juu ya nyumba ya mzee aliyemlea. Mtoto aliogopa. Mimi nimeanza kuamini, na hili ni langu, mnaweza kunipinga, kwamba nikisikia sauti inayonisifu na kuniahidi vikubwa niichunguze mara mbili. Ile inayoniambia nimrudishie mwenye duka chenji aliyozidisha, hiyo sijawahi kujiambia mwenyewe.

Tatizo jingine ni kelele, lakini hilo mmelisikia kwenye mahubiri mengi, sitalirefusha. Nitasema hili tu. Ukikaa Mwembe Tayari jioni, matatu zinapiga honi, makanga wanaita abiria, spika za duka la nguo zinavuma. Katikati ya hayo muuza kahawa chungu anapita na dele lake, anagonganisha vikombe viwili vidogo vya udongo: ki-ki-ki. Sauti yenyewe hata si kubwa. Lakini mnywaji wa kahawa atainua kichwa akiwa upande wa pili wa barabara. Mwenzake asiyekunywa hatasikia kitu hata vikombe vikigongwa sikioni mwake. Eliya kule Horebu alipitiwa na upepo, tetemeko na moto, na alikuwa mtu wa moto yule, tangu Karmeli. Bado ilipokuja "sauti ndogo, ya utulivu" ndipo alipojifunika uso kwa vazi lake.

Na kuna kinyume chake. Kila siku makanga hupiga kelele "Kengeleni! Kengeleni shuka!" nasi hushuka. Nani kati yetu huikumbuka kengele? Mnara wake upo pale pale, wa enzi za Frere Town, makao ya watumwa waliokombolewa. Ilipigwa kuwaonya watu kwamba majahazi ya wafanyabiashara wa watumwa yameonekana. Kwa waliokaa pale mlio ule ulikuwa uhai. Kwetu limekuwa jina la kituo. Naogopa "neno la Bwana" linaweza kutugeukia hivyo hivyo, tukalitaja kila Jumapili kama jina la kituo.

Sasa niwaambie la Jumatano, maana nisipoandika nitakuwa mnafiki.

Mimi na kaka yangu mkubwa hatujasemezana miaka miwili. Ni ile minazi ya marehemu baba; wengine mnaijua habari yenyewe, wasioijua hamjakosa kitu. Mwaka jana nilibadilisha laini, na namba mpya sikumpa. Jumatatu asubuhi nikiwa Likoni nangoja lango la feri lifunguliwe, jina lake likanijia. Nikasema ni kwa sababu nimepita mzee anayeuza madafu. Jumanne likanijia tena, mahali pale pale. Nikasema ni usingizi. Jumatano tulikuwa tumebanana, mkokoteni wa magunia ya viazi umenikanyaga kidole, mhubiri na spika yake upande mmoja, muuza njugu upande wa pili, na jina likaja kama mtu anayeniita kutoka chumba cha pili. Hakuna maono wala jasho. Jina tu.

Nilikuwa nimelisoma somo hili usiku uliotangulia kwa ajili yenu. Nilikuwa nimeona kwamba Eli alimfundisha mtoto aseme "Nena, Bwana," lakini mtoto alipojibu alisema "Nena" peke yake, jina akaliacha. Labda alikuwa bado hana hakika ni nani. Nami sikuwa na hakika. Huenda ilikuwa Bwana, huenda ilikuwa dhamiri, huenda ilikuwa yale madafu. Ila sikuona hasara gani ningepata kwa kutii, isipokuwa ya kiburi. Ile Jumatatu na Jumanne nilikuwa nikiizuia hasara hiyo tu.

Lango likafunguliwa, tukateremka na umati. Feri ilipoanza kujivuta kutoka ukingoni nikasimama karibu na ukuta, nikapiga. Ililia muda mrefu. Alipopokea nilisahau yote niliyopanga. Nikasema, "Kaka, hujambo."

Kimya. Nilisikia jogoo upande wake, na mtu akifagia uwanja.

"Namba siijui," akasema. "Sauti naijua. Sema."