Siku moja maishani mwangu: kulikimbia jua Mbweni

Saa 1 asubuhi nimeshafika Mbweni, Unguja, kupaka nyumba rangi, na joto la kaskazi limenitangulia. "Shikamoo, bi mkubwa." "Marahaba, fundi. Leo unaanza wapi?" Namwambia naanza ukuta wa nje wa magharibi, kwa kuwa saa hizi uko kivulini. Plasta iliyopigwa na jua huifyonza rangi ya maji ikakauka kabla rola haijarudi, na kila mpito wa rola unapopandana na mwenziwe hubaki mchirizi. Kwa hiyo asubuhi magharibi, adhuhuri ndani, alasiri mashariki. Kijana wangu keshajua, hata sina haja ya kumwambia.

Saa 3 tunakunywa chai kwa maandazi, tunarudi kazini.

Saa 5 bi mkubwa ananiita sebuleni, kadi ya rangi mkononi. Ameshachagua nyeupe pe, tena ya glosi, yaani ya kung'aa, ati iwe rahisi kufuta. Sebule yenyewe ina madirisha mawili mapana yanayotazama bahari, upande wa magharibi. Saa hizi pametulia, na rangi yoyote ingependeza. Namuuliza, "Hapa mnakaa saa ngapi?" Anasema baada ya alasiri mpaka isha, wakija wageni zaidi. Basi rangi ichaguliwe kwa saa hizo. Jua likishuka, mwanga unaingia mara mbili, moja kwa moja na kutoka majini, na ule wa majini hupiga mpaka darini. Ukuta mweupe unaong'aa utaurudisha wote machoni mwa wageni.

Glosi ina kosa jingine. Mwanga unaoingia kwa ubavu hufichua kila wimbi la plasta na kila alama ya mwiko, na glosi huzidisha. Mie kwenye chumba cha jua kali napendelea mati, yaani isiyong'aa, ile ya kuosheka, na dari mati kabisa. Glosi naiweka milangoni na kwenye fremu za madirisha, panaposhikwashikwa.

Saa 6 na nusu, kabla hatujaenda kuswali, naegemeza ukutani vipande vitatu vya plaiwudi nilivyovipaka jana, mikono miwili, yaani mipako miwili, kila kimoja: nyeupe pe, maziwa, na kijivu chenye ukijani kidogo. Kadi ya dukani ni ndogo mno, na rangi ikienea kuta nne huzidi kukolea kwa sababu kila ukuta unaumulikia mwingine. Ukiipenda moja kwenye kadi, shuka hatua moja kuelekea weupe. Bi mkubwa anakitazama kijivu na kusema hicho cha ofisini. Namwomba asiamue kabla ya saa 11.

Mtoto wake wa kiume naye ana yake. Amesoma mtandaoni kwamba chumba cha kaskazini ni baridi, kitiwe rangi ya moto. Ushauri huo umeandikwa Ulaya, ambako jua la mchana halipiti kaskazini. Unguja iko nyuzi 6 hivi kusini ya ikweta: mwezi wa Juni jua la mchana liko kaskazini, Desemba liko kusini. Kila upande wa nyumba una msimu wake wa kuungua. Hapa wa kuogopa ni mashariki na magharibi, maana huko jua huingia likiwa chini, mwaka mzima.

Alasiri tuko ukuta wa mashariki. Kupitia dirishani naulizwa chumba cha mjukuu: anataka pinki kali. Jua la asubuhi linaangukia ukuta ule ule kila siku, na pinki nyingi za kung'ara hupauka upesi. Namtajia waridi linalotoka kwenye wekundu wa udongo, ule wa kutu ya chuma, huo hustahimili jua. Mjukuu kanuna. Tutamwekea pinki yake ukuta wenye dirisha, jua haliufikii.

Saa 11 tunarudi sebuleni. Ubao wa maziwa umegeuka samli, ile nyeupe pe bi mkubwa anaitazama kwa jicho moja. Kijivu cha ofisini kimelainika, ukijani wake umeupooza uchungwa wa jua. "Kumbe!" anasema. Giza likiingia nawasha taa vilevile, kwa sababu balbu za njano zina mambo yake. Kijivu kimepita.

Napima: kuta, ukitoa madirisha na milango, mita za mraba 50. Lita 1 hufunika kama mita 10 kwa mkono mmoja; mikono miwili, lita 10. Namwandikia wa dukani anipe makopo matatu ya lita 4, mati ya kuosheka, yote ya mchanganyiko mmoja. Hata hivyo nitayamimina kwenye ndoo moja niyakoroge kabla ya kuanza, kwani kopo kwa kopo hupishana kidogo, na jua la magharibi litaonyesha.