Simu janja nimeitundika ukutani dukani, na hesabu zimerudi kichwani

Nianze na hawa washauri. Ukisema tu simu inakula muda wako, utasikia zima data, mwingine weka programu ya kukuhesabia masaa unayokaa kwenye simu, mwingine eti geuza kioo kiwe cheusi na cheupe hamu itakata yenyewe. Vyote nimevipitia. Ile programu ya kuhesabia ndiyo ilinimaliza kabisa, maana nikawa naifungua kila saa kuangalia imehesabu ngapi. Data nayo kuizima ni kugusa mara moja, kuiwasha ni kugusa mara moja, sasa hiyo ni dawa gani? Na wote hao ushauri wao walinitumia WhatsApp, saa sita usiku, halafu wanasubiri tiki za bluu.

Mi nina duka la vifaa vya ujenzi huku Mbezi, barabara ya kwenda Goba. Saruji, nondo, bati, misumari, rangi, vifaa vya bomba. Kazi yangu ni kusimama na watu kuanzia asubuhi mpaka giza, kwa hiyo mambo ya simu kuwaharibia watu adabu na akili sikuyasoma mahali, yananipitia kaunta kila siku, na mimi mwenyewe nilikuwa mmoja wao, tena kinara.

Kuna mzee mteja wangu wa siku nyingi. Aliingia nikiwa nimeinamia simu naangalia video ya jamaa anafufua trekta la zamani, mimi hata trekta sina. Nikasema "karibu" bila kuinua kichwa. Mzee akasimama, kimya. Halafu kwa sauti ya heshima kabisa, taratibu, akaniambia, "Shikamoo." Mzee wa rika la baba yangu! Na mdomo wangu ukajibu "marahaba" kabla akili haijafika. Kijana wangu wa kubeba mizigo akageukia ukuta, mabega yanamcheza. Mzee akachukua misumari yake ya inchi tatu, kilo mbili, akalipa, akaniambia "asante baba" akaondoka. Wiki nzima yule kijana akiingia asubuhi ananisalimia kwa kucheka.

Basi nikaamua. Chini ya kaunta nina kijikabati cha mbao, nikakifunga kwa kufuli kutoka kwenye mali yangu mwenyewe, lile zito, simu ikabaki ndani, funguo nikampa mama watoto aende nazo nyumbani. Mkononi nikabaki na kitochi, kile kisimu kidogo cha vibonyezo kisicho na WhatsApp, chenye laini ya biashara. Asubuhi hiyo nilijiona mwanaume kweli kweli. Kufika saa nne simu ikaanza kunguruma mle ndani, na kwa kuwa niliiweka juu ya bati la misumari basi kelele zake si mchezo, mteja akaniambia bosi una panya humu. Nikamwambia ndiyo, wanasumbua sana. Ikanyamaza. Ikaanza tena. Sasa mtu akipiga mara moja ni kawaida, akipiga mara ya pili unajikaza, ya tatu kichwa kinaanza kutengeneza mambo, labda mama kazidiwa, labda gari la nondo limekwama Kibaha, labda mtoto kaanguka shule. Nikasema ngoja nimpigie mama watoto alete funguo. Nikashika kitochi. Namba yake siijui! Watoto watatu na huyu mwanamke, namba yake iko ndani ya kabati.

Na kumbuka muuza bisibisi ni mimi. Zimepangwa nyuma yangu ukutani saizi zote, bapa na nyota, zinaniangalia. Nilivumilia mpaka mchana hivi. Kufuli sikuligusa, elfu kumi na kitu ile sikuwa tayari kuiharibu, nikapitia upande wa bawaba, skrubu chache tu, mlango ukatoka mzima na kufuli lake likining'inia, nikachomoa simu kama mwizi, dukani kwangu mwenyewe, mchana kweupe. Aliyekuwa anapiga ni dalali wa viwanja. "Kaka, ile ofa bado ipo." Nikarudisha bawaba vizuri, nikapaka hadi mafuta, na kwa vile simu imeshatoka basi nikakaa nayo mpaka jioni. Mama watoto akaja na funguo, akafungua kufuli, akavuta mlango, ndani misumari mitupu. Akaniangalia. Hakusema neno, akaenda kuhesabu mauzo.

Ndio nikaanza kulifikiria kifundi. Kwanza nilishawahi kuishi bila simu janja na sikufa. Juni 2016 TCRA, mamlaka ya mawasiliano, walipozima simu feki yangu ilikuwemo, ile ya laini mbili yenye spika kubwa, nikarudi kwenye kitochi na maisha yakaenda. Pili nikakumbuka simu ya mezani ya TTCL kazini kwa baba. Ilikuwa kwenye korido, juu ya ukuta, waya mfupi, unaongea umesimama na nyuma yako kuna mtu anakohoa anasubiri zamu. Hakuna mtu aliyewahi kupoteza jioni nzima kwenye ile simu. Haikuwa maadili ya zamani wala nini, miguu ilikuwa inachoka!

Kwa hiyo nikaipa simu yangu maisha hayo hayo. Nikachukua kipande cha ubao, nikakipigilia kule stoo ya nyuma kinakaribia kidevu, nikapitisha waya wa chaji ukutani na nikaubana kwa zile klipu za waya za umeme, moja baada ya nyingine, mpaka ukabaki urefu wa shibiri. Simu inakaa pale na haitoki, na uzuri betri yake imechoka, ukiichomoa haimalizi hata nusu saa, fundi simu alitaka kunibadilishia nikamwambia asiiguse hiyo betri ndiyo mlinzi wangu. Stuli nikaipeleka nyumbani. Stoo haina dari, juu ni bati tupu, ikifika saa saba mchana we mwenyewe utajibu unachotakiwa kujibu na kutoka. Nakuhakikishia hakuna video tamu chini ya bati la Dar mwezi wa pili. Gharama? Ubao ni makombo, klipu pakiti moja ya bei ya soda mbili tatu, hamna zaidi.

Watu wakasema utapoteza wateja wa WhatsApp. Naenda kuangalia asubuhi, mchana na kabla sijafunga, mwenye haraka anapiga kitochi. Mei 2024 zile nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipopata hitilafu na intaneti ikawa inakuja na kupotea, mtaa mzima watu wamenyanyua simu juu wanatafuta mtandao hewani, kwangu pesa zinaingia kama kawaida maana menyu ya nyota, ile ya kubonyeza kutuma na kupokea pesa kwa simu, haiulizi bando. Siku hiyo nilijidai sana, sifichi.

Sasa kitochi mkononi kikaanza kufichua vitu. Cha kwanza hesabu. Nilikuwa nabonyeza simu hata kwa mifuko miwili ya saruji jamani. Kikokotoo cha kitochi kipo lakini vibonyezo vinaudhi, basi nikaanza kupiga kichwani. Mteja anataka mifuko 23, tuseme bei ni 16,500. Usianze na 23, anza na 20, hiyo ni 330,000 unaipata macho yamefumba, halafu mitatu iliyobaki 49,500, jumla 379,500. Mwanzo nilikuwa natoa jibu halafu naenda kuhakikisha stoo kwa siri. Siku hizi nataja bei mteja bado anatafuta kikokotoo kwenye simu yake, naona anavyoumia. Hata nondo napiga. Unene mara unene, gawa kwa 162, ndiyo kilo kwa mita. Ya milimita 12 ni 144 gawa kwa 162, kama gramu 890, mara mita 12 za nondo nzima unapata kilo kumi na gramu mia sita na kitu. Gari la mzigo likija nachukua moja naiweka kwenye mzani, na dereva sasa hivi akiniona naelekea mzani anaanza kuniuliza habari za nyumbani.

Halafu watu wamesahau kueleza kitu kwa mdomo. Zamani mtu akitaka kifaa cha bomba analeta kile kilichovunjika, au anaeleza, "elbo ya nusu inchi, ndani ina uzi." Siku hizi anaunyoosha mkono na simu usoni kwako, bila salamu, picha. Namuuliza nusu inchi au robo tatu? Anaikuza picha kwa vidole viwili! Ndugu yangu, picha haina inchi. Wengine wanaagiza huku wanaongea na mtu mwingine kwenye spika, sijui lipi nijibu, juzi dada mmoja nilimkatia waya mita kumi kumbe "kumi" ilikuwa ya mtu wa kwenye simu.

Mafundi vijana nao nisiwasahau. Mmoja alikuja analalamika tofali zake zinapanda upande mmoja. Nikamuuliza unatumia pima maji ya wapi, akanionyesha simu, kuna programu. Simu yenyewe ina kamera imetuna mgongoni, ukiilaza juu ya tofali inakaa kishingo upande, na yeye ukuta mzima ameufuata huo upande. Nikamuuzia pima maji ya kawaida, sijui elfu ngapi ile, na kona nikamwambia avute kamba futi 3 huku, futi 4 huku, akipima kutoka ncha hii mpaka ncha ile apate futi 5 kamili kona imesimama. Akaniuliza nimeitoa mtandao gani.

Kupeleka mzigo ndiyo burudani. Kitochi hakipokei lokesheni. Mteja wa Goba kanunua, kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, imeshapakia, ananiambia "nakutumia lokesheni." Namwambia nielekeze tu kwa mdomo. Kimya. Mtu amejenga pale, amehamia, hajui njia ya kwake inapita wapi! Akasema ngoja nimpe dada. Dada wa kazi akachukua simu, "Shikamoo. Ukitoka lami pale kwenye genge la mihogo shika kulia, utaona msikiti haujapauliwa, uliza kwa mama anayeuza gesi." Tukafika bila kukosea hata kona. Ila na kuuliza njia kuna adabu zake, kijana wangu wa kirikuu nilimfundisha upya maana yeye alikuwa anasimamisha gari anapiga kelele dirishani "oya, kwa nani hapa!" Hapo utaonyeshwa njia ya kwenda Madale. Shuka, salimia, ulizia biashara, ndiyo uliza. Bodaboda usimwulize, atakwambia nipe buku nikutangulie. Mama wa genge anajua, na watoto wanaocheza mpira wanajua kuliko mama wa genge, mpaka nyumba ipi ina mbwa.

Namba za simu nazo nimezikamata. Kwenye kitochi nimefuta majina ya watu wangu wa karibu wote, nikimtaka mtu nabonyeza tarakimu zote kumi. Siku za mwanzo nilimpigia mzee mmoja wa Tanga mara nyingi mpaka akaanza kuniulizia hali ya biashara, na mpaka leo sikukuu tunasalimiana. Mbinu yangu ni kuzigeuza bei, namba ya mama watoto mwisho wake ni bei ya kopo la rangi, inafuata futi za bati. Hainitoki tena. Mwenyewe nilipomweleza hakufurahi kivile kuwa kopo la rangi.

Yule mzee wa misumari amerudi mara kadhaa, fensi imeisha sasa anapaua. Nikimwona tu anashuka bajaji namuwahi na shikamoo yangu toka mlangoni, anaitikia bila kuongeza kitu, ila kwenye bei siku hizi hanibani sana.

Lililonishinda ni group la darasa la mtoto. Mwalimu anatuma picha ya kazi ya nyumbani saa mbili usiku na simu yangu iko stoo imelala na saruji. Kwa sasa anaipokea mama watoto kwenye simu yake. Hiyo ya kwake mimi siigusi, maana kile kipande cha ubao kilichobaki nilimwonyesha jikoni, akaniuliza nataka kukipigilia wapi.