Siku kalsiamu ilipobaki kwenye karatasi ya kuchujia

Moyo wa chura ulikuwa ukipiga mara 42 kwa dakika mchoro ulipoanza kufifia. Lilikuwa somo la vitendo la fiziolojia, mwaka wa pili wa udaktari. Uzi ulitoka ncha ya ventrikali, chumba cha moyo kinachosukuma damu, hadi kwenye wenzo, na kila moyo ulipojikaza, kalamu ilichora kilima. Tulipobadilisha chupa ya maji ya Ringer, maji ya chumvi yanayouweka moyo hai nje ya mwili, vilima vikafupika, kisha mstari ukalala.

Tukadhani umekufa. Lakini nyaya mbili zilizougusa ziliendelea kuonyesha mawimbi ya umeme kwa mpangilio uleule. Msukumo ulifika, msuli haukuitika.

Fundi wa maabara hakuugusa moyo, aliinua chupa. "Haya maji mmeyachanganyaje?"

Lita moja hutaka gramu 6.5 za chumvi ya kawaida, 0.14 za kloridi ya potasiamu, 0.2 za bikaboneti ya sodiamu na 0.12 za kloridi ya kalsiamu. Hizi mbili za mwisho zilikorogwa pamoja katika maji machache, yakawa meupe, yakachujwa mpaka yakang'aa. Weupe ule ndio uliokuwa kalsiamu yenyewe, imegeuka chokaa.

Umeme hufungua vijilango kwenye utando wa seli, kalsiamu ikaingia na kushika troponini, protini inayoruhusu msuli kujikaza. Hapo ndipo miosini inapopata nafasi ya kuvuta aktini, nyuzi mbili za protini zinazofupisha msuli. Kwetu binadamu, kalsiamu hiyo chache hufungulia ghala la ndani ya seli, linalotoa sehemu kubwa zaidi. Ghala la chura ni dogo mno, anategemea ya nje, ndiyo maana moyo ulizima upesi. Daktari Mwingereza Sydney Ringer, ambaye maji yale yana jina lake, aliliona jambo hili London mwaka 1883: moyo ulipiga vizuri chumvi zilipoyeyushwa kwa maji ya bomba, yenye kalsiamu, ukashindwa kwa maji yaliyokenekwa, yasiyo nayo.

Tukachanganya upya, kalsiamu ikayeyushwa peke yake na kutiwa mwisho, kidogo kidogo, huku tukikoroga. Vilima vikarudi kabla dakika mbili hazijaisha. Matone ya adrenalini yakavirefusha, na kila kimoja kikashuka haraka zaidi, kwa sababu adrenalini huongeza kalsiamu inayoingia na pia huharakisha kuondolewa kwake. Mwishoni tukazidisha kalsiamu makusudi. Kalamu ilipanda, ikabaki juu: ventrikali imejikunja, imepauka, haiwezi kulegea ijae tena.