Kamera Iliyodhaniwa Imekufa

Mzee alinifungulia mlango akiwa nayo mkononi, ameiviringisha kwa kitambaa cha kufutia miwani. "Nilikwambia mapema, mwanangu," alisema kabla sijakaa. "Haipigi. Ukiichukua, ichukue ya pambo."

Nilikuwa nimeisaka Canonet QL17 GIII kwa muda mrefu. Canon waliitoa mwaka 1972, na kati ya renjifainda zote za enzi ile niliipenda hii kwa udogo wake na kwa lenzi yake ya milimita 40, yenye uwazi mkubwa wa f/1.7, inayoweza kupiga chumbani jioni bila taa ya kumulika. Kwenye renjifainda huchungulii kupitia lenzi. Unatazama kwenye kidirisha cha pembeni, na katikati yake pana kiraka cha manjano ambamo kitu kilekile kinaonekana mara mbili. Unazungusha pete ya lenzi, taswira mbili zinasogeleana, na zikishakuwa moja, umelenga. Ndani hakuna kioo kinachoruka unapobofya, kwa hiyo mlio wake ni mdogo sana na mtu unayempiga hapotei machoni pako hata katika nukta ile ya kubofya. Mimi hupenda kupiga sura za watu, na nukta hiyo ninaithamini kuliko sifa nyingine zote za kamera.

Nikakaa dirishani, nikaanza kuikagua. Sponji nyeusi za kuzuia mwanga kwenye mlango wa nyuma zilikuwa zimeoza zikawa kama lami, zikanishika vidoleni. Hilo halikunitisha, sponji za kamera za miaka ile huishia hivyo, na kuzibadilisha ni kazi ya jioni moja. Nikalenga mlingoti uliokuwa mbali sana, pete ikiwa mwisho wa umbali. Taswira zikakutana sawasawa, hakuna iliyopanda juu ya mwenzake. Nikavuta mkono wa kusogeza filamu, nikabofya.

Kitufe kikagoma.

"Unaona?" alisema mzee.

Nikaangalia pete ya uwazi wa lenzi, ile inayopanga mwanga kiasi gani upite. Ilikuwa kwenye A. Nikafungua kifuniko cha betri chini: safi, patupu.

"Betri yake iko wapi, mzee?"

"Iliisha. Nikatafuta nyingine kila mahali, nikaambiwa hazitengenezwi tena. Haikupiga tangu siku hiyo."

Moyo ukaanza kunienda mbio. Betri zake zilikuwa za zebaki, volti 1.35, na nchi nyingi zilizipiga marufuku kwa sababu ya sumu. Pete ikiwa kwenye A, kamera hii hujichagulia uwazi kwa kufuata sindano ya kipima mwanga. Bila betri sindano hailali wala hainyanyuki, na kamera hufunga kitufe ili usipoteze picha. Lakini shata yenyewe, vile vibamba vinavyofunguka na kufunga kupitisha mwanga, ni ya springi tupu. Haihitaji betri hata kidogo.

Bei tulikwisha kuipatana, na ilikuwa bei ya kitu kibovu. Sitaficha kwamba nilinyamaza kidogo, kamera mapajani, nikijua jambo ambalo mwenyewe halijui. Angeweza kuniaga kwa furaha nami nikaondoka. Kisha nikamsogelea, nikaitoa pete kwenye A mbele ya macho yake, nikaweka kasi ya 1/125 ya sekunde, nikabofya.

Tk.

Nikarudia 1/30, 1/15. Kwenye 1/4 vibamba vya shata vilisita mara mbili, tatu, halafu vikalegea.

Mzee hakusema kitu kwa muda. "Kumbe ilikuwa nzima," alisema. Baadaye akaongeza, kwa sauti ya chini, "Mwanangu wa mwisho sikumpiga nayo hata picha moja."

Nikamwambia aibakize, au kama bado anauza, tupange bei upya. Akaichukua, akainyanyua hadi jichoni, akazungusha pete polepole akinilenga. Alizungusha kwenda na kurudi mara kadhaa. "Hicho kiraka sikioni tena," akasema. "Chukua wewe." Akataja bei nyingine, ya haki. Nikalipa bila kuomba apunguze.

Nilikuwa na filamu mkobani. Nilipotaka kuipakia akaninyang'anya. QL maana yake ni kupakia upesi, na mikono yake ilikuwa haijasahau: alilaza ncha ya filamu hadi kwenye alama, akafunga mlango, akavuta mkono wa kusogeza, yote hayo akitazama nje. Nikampiga palepale, dirishani, kwa kukisia mwanga: 1/60, f/2.8.

Filamu iliposafishwa, picha yake ilikuwa na mstari wa rangi ya machungwa ukimkata begani, mwanga uliopenya kwenye sponji zile mbovu ambazo sikuwa na subira ya kuzibadilisha kwanza. Uso ulikuwa mkali, kila mkunjo mahali pake. Nikampelekea nakala hivyohivyo.

Aliisogeza karibu sana na macho, kisha akaniuliza habari ya betri. Nikamfungulia kifuniko, nikamtolea: ya vifaa vya kusaidia kusikia, karibu volti 1.4, nimeizungushia kipete cha mpira ili itoshe. Akaishika kwa vidole viwili, akaigeuzageuza kwenye mwanga wa dirisha, akairudisha mahali pake mwenyewe.