Jiwe Lililojiziba Lenyewe: Uzoefu Wangu

Ndugu mmoja aliyenitangulia chuoni aliniambia kwamba maji ni maji, bora yawe safi. Nilimwamini, na imani hiyo ilinigharimu wiki mbili na kipande changu cha kwanza cha mwamba.

Nilitaka kuona kwa macho yangu kinachoupata mwamba wa mchanga wenye mafuta unaposukumiwa maji kwa muda mrefu ili mafuta yatoke, jambo ambalo hapa kwetu halizungumzwi sana, kwa kuwa visima vyetu vya Songo Songo na Mnazi Bay hutoa gesi, si mafuta. Pampu ya maabara sikuwa nayo. Fundi wa Gerezani alinikatia bomba la plastiki, nikagandisha ndani yake jiwe la sentimita 7 kwa gundi ya vichupa viwili, kisha nikapandisha ndoo ghorofa ya tatu ili nipate presha ya mita 10 hivi za maji. Vyote, pamoja na bodaboda, havikufika laki moja, ukiacha chai ya fundi.

Maji yenye chumvi gramu 35 kwa lita yalipita mililita 10 kwa dakika, siku 6 bila kuyumba. Ndipo nikafuata ushauri, nikaweka maji ya mvua niliyoyachuja mara mbili. Kufikia asubuhi yalikuwa yakidondoka tu, hayafiki hata mililita 1, na glasi ya kukingia ilikuwa na ukungu kama maji yaliyooshea mchele. Ndugu yule akadai kwamba maji yangu yalikuwa machafu, nirudishe ya chumvi na jiwe litafunguka. Nilirudisha siku 2 nzima, halikufunguka.

Usiku ule, kwa hasira zaidi kuliko maarifa, niligeuza bomba ili maji yaingilie upande wa kutokea. Yalipanda hadi mililita 7, meupe tena, na baada ya nusu saa yakafifia. Nilicheka peke yangu. Chembe za udongo zilizokuwa zimeshikamana na kuta za matundu kwa nguvu ya chumvi zilikuwa zimeng'oka na kukwama kwenye shingo nyembamba kati ya tundu na tundu. Mkondo ulipogeuka ziliachia, zikaenda kuziba shingo nyingine. Udongo uliovimba tu usingeachia kwa kugeuzwa. Chumvi ipunguzwe kidogo kidogo, ndugu zangu, si kwa mkupuo.

Tena si kila mwamba huziba: kule Norwei, chaki ya Ekofisk, eneo la mafuta chini ya bahari, iliendelea kubonyea hata baada ya kuanza kusukumiwa maji mwaka 1987, kwa sababu maji yenyewe huidhoofisha.

Glasi ile bado ipo dirishani kwangu, udongo umetulia chini, unene wa karatasi.