FeO yangu ya ubaoni

Miaka tisa nimeandika FeO, oksidi ya chuma, kwenye ubao wa darasa moja huku Katuba, Lubumbashi, na hakuna mtoto aliyenipinga. Mwaka huu nimepingwa na binti wa mwaka wa sita wa sekondari, kwa sumaku aliyoing'oa kwenye spika ya redio mbovu.

Kosa lilikuwa langu. Baba yangu mdogo ni mhunzi, anafua majembe na kuunga mbabula, majiko ya makala, karibu na soko la mtaa wa Kenya. Chuma kikitoka kwenye makala kimeiva, akikipiga nyundo, maganda meusi yanaruka. Yeye huyaita kalamini. Nikafagia kiganja kimoja, nikayapeleka darasani: hii, sehemu kubwa, ni FeO, chuma kimoja kwa oksijeni moja, na sumaku haiivuti. Binti akasogeza sumaku yake. Maganda yote yakairukia.

"Mwalimu, FeO yako hii hapa imekuja."

Darasa likacheka. Mimi nikacheka shingo upande.

Umeme uliporudi usiku nikakaa kusoma. Kumbe FeO ya moja kwa moja, katika kanieneo ya kawaida, haipo. Kilichopo ni wustiti, na chuma chake hupungua daima: kwa kila oksijeni 1 utakuta chuma 0,84 hadi 0,95 hivi. Zamani mtu angeweza kudhani kwamba oksijeni ndiyo iliyozidi. Mwaka 1933 Jette na Foote walipima msongamano pamoja na ukubwa wa chumba cha fuwele kwa eksirei, wakaona fuwele ni nyepesi mno kwa hesabu hiyo ya oksijeni kuzidi. Oksijeni zimekaa zote mahali pake. Viti vya chuma ndivyo vitupu.

Sasa chaji zinalinganaje? Hapa nilikumbuka likelemba ya mama watoto, ule mchango wa zamu. Kila ioni ya chuma inatoa chaji mbili, na kila oksijeni inadai mbili. Mmoja akitoroka, pengo ni mbili, basi wenzake wawili wanatoa tatu tatu. Chukua oksijeni 100 na chuma 95: ioni 85 zinatoa mbili, 10 zinatoa tatu, jumla 200. Deni limelipwa.

Lakini kilichoninyima usingizi ni kwamba mapengo hayo hayatawanyiki ovyo. Wustiti imejengwa kama chumvi ya mezani, kila chuma kikizungukwa na oksijeni sita. Mwaka 1960 Roth, akitumia nyutroni, aliona baadhi ya chuma kinachotoa tatu kimehama kiti chake, kimejibana katikati ya oksijeni nne tu, mahali ambapo hapakuwa na kiti kabisa. Mapengo yanakuja kumzunguka mhamiaji huyo. Mwaka 1969 Koch na Cohen wakaeleza kundi zima: mapengo 13, wahamiaji 4. Na ukilitazama vizuri, kundi hilo linafanana na kipande kidogo cha magnetiti, oksidi ya chuma ambayo sumaku huivuta. Yaani mtoto wa magnetiti amekwisha kuanza kuumbika ndani ya wustiti!

Sumaku ya binti nikaielewa. Wustiti ni imara juu ya nyuzi 570 tu; ikipoa polepole chini ya hapo inavunjika kuwa chuma na magnetiti. Tena ganda lenyewe lina tabaka: wustiti nene upande wa chuma, magnetiti juu yake, hematiti, oksidi nyingine ya chuma, nyembamba nje. Wustiti inanenepa kwa sababu ya mapengo yale yale, maana chuma hupita humo, pengo hadi pengo, kikikimbilia nje kwenye oksijeni.

Nilimweleza baba mdogo. Akaniuliza kama kuna namna ya kuzuia, maana kalamini inamlia chuma anachonunua kwa hela yake. Nikamwambia asikiache kwenye moto muda mrefu. Hilo alilijua kabla sijazaliwa.

Juzi nimeandika ubaoni Fe₀,₉₅O. Binti akainua mkono.

"Na kwenye Mtihani wa Serikali, mwalimu, tuandike ipi?"

Nikamwambia aandike FeO.