Upanga wa Mwanga

Kabla ya kuniruhusu niguse mashine ya kukereza, baba mdogo aliniuliza swali moja tu: "Kinafanya kazi gani?"

Nilikuwa nimemwekea karatasi mbili juu ya jiriwa, nilizozichapisha intaneti kafe kwa pesa ya chai ya siku mbili. Zilikuwa na picha ya kishikio cha upanga wa mwanga kutoka Star Wars, ile ya kwanza kabisa ya 1977. Nikamwambia hakifanyi kazi yoyote. Ni mfano wa kitu cha sinema. Unakishika, unakitazama, basi.

Alivua miwani akaifuta kwa pindo la ovaroli, pindo lililokuwa chafu kuliko miwani yenyewe.

"Na upanga wenyewe uko wapi?"

"Si wa chuma, baba mdogo. Ni mwanga. Unabonyeza hapa, unatoka."

Kijana wa kuchomelea akadakia kutoka nje: "Upanga uko Dar, Mwanga ndiyo hapa! Mtaunganisha kwa reli ya kati?"

Karakana yetu ilikuwa mtaa wa Mwanga, Kigoma, si mbali na soko, na Upanga ni mtaa wa Dar es Salaam. Ilikuwa 2013, mimi nina miaka miwili tangu nitoke chuo cha ufundi cha VETA, na tangu siku ile hadi naondoka pale kazi hiyo haikuwahi kuitwa kwa jina jingine. Wateja walikuwa wakiuliza, "Upanga wa Mwanga umefikia wapi?"

Mapenzi yangu kwa kile kitu yalianzia Ujiji, kwenye banda la video, nikiwa darasa la tatu au la nne. Televisheni moja, magunia ukutani kuzuia jua, na mtafsiri mwenye kipaza sauti aliyezungumza juu ya sauti za wahusika wote. Mambo ya sayari na himaya hakuyajali. Yule mzee mwenye joho la kahawia alimwita Shehe, na tangu siku hiyo hadi leo sina jina jingine la kumpa. Shehe alipotoa kile kichuma kiunoni kikawaka, banda zima lilinyamaza, hata mtafsiri. Nilikumbuka ukimya ule kuliko hadithi yenyewe.

Baba mdogo hakuwa mtu wa mabanda ya video. Maisha yake yalikuwa bushi, shafti za propela na vichwa vya injini za boti. Mashine yake ya kukereza ilikuwa nzee, rangi ya kijani imebaki kwenye kona tu, vishikio vyake vimeng'aa kwa viganja vya watu. Alikuwa akisema mashine hiyo haijawahi kutengeneza uongo. Kwake kitufe kisichobonyezeka ni uongo, na skrubu isiyokaza kitu ni uongo wenye meno.

Kilichomlegeza ni karatasi ya pili. Nilimsomea kwa Kiswahili changu cha haraka haraka jinsi ule upanga wa sinema ulivyotengenezwa. Fedha zilikuwa kidogo, na mpambaji wa seti, Mwingereza Roger Christian, hakuwa na bajeti ya kukerezesha kitu kipya. Kwenye duka la vifaa vya picha London akakuta vishikio vya zamani vya taa za kamera, aina ya Graflex, vile walivyotumia wapiga picha wa magazeti. Akabandika vipande virefu vya plastiki nyeusi kuwa mshiko, na kwenye mkanda wa kishikio akachomeka kipande cha kikokotoo, ule utepe wenye matone ya kukuza tarakimu. Upanga ukawa umekamilika.

"Na wa yule Shehe?"

"Wa Shehe ni guruneti la bunduki la Vita vya Kwanza, kipini cha koki ya maji, kipande cha injini ya ndege ya Rolls-Royce, na kidude cha mtutu wa bombomu."

Baba mdogo alicheka mpaka akashika meza. "Kumbe na wao ni watu wa skrepa!"

Nikamwambia watu wale wa skrepa walipewa Oscar kwa usanifu wa seti. Hilo halikumgusa. Lililomgusa lilikuwa jingine. Aliirudia picha, akaweka kucha juu ya bomba, akauliza: "Hiki kishikio cha kamera, ndani kilikaa nini?"

"Betri. Tatu, zile kubwa."

"Basi hii ni tochi," alisema, akarudisha miwani usoni. "Tutatengeneza tochi. Mbwembwe zako utazibandika juu, shauri yako."

Tulianza siku za giza. Kwa asiyejua mambo ya ziwa, dagaa wa Tanganyika huvuliwa usiku kwa taa, na mbalamwezi ikiwa kali taa hazivuti kitu, kwa hiyo boti hupumzika na ndipo wenyewe wanaleta injini zao kwetu. Siku za giza boti zote ziko majini na karakana inalala. Mashine ilikuwa huru.

Bomba tulilipata Kibirizi, kwenye boti iliyokuwa inavunjwa: kipande cha reli ya kushikia, stenlesi ya inchi moja na nusu. Baba mdogo alipima kwa kalipa. Nje milimita 38, unene wa ukuta moja na nusu, kwa hiyo ndani ni 35. Betri kubwa ina kipenyo cha 34. Alitabasamu kama mtu aliyepewa chenji zaidi. Betri tatu zikipangwa zinafika karibu milimita 185. Ukiongeza springi, kitako na kichwa cha taa, unapata kama sentimita 28. Ukilinganisha na picha, ni urefu ule ule. Hapo nilianza kuelewa kwamba hakuna aliyekaa akabuni umbo la upanga ule. Betri ndizo zilizolichora.

Betri ya kwanza ilikwama sentimita mbili tu kutoka mdomoni. Bomba la reli si bomba lililotolewa zima bila mshono. Ni bati lililokunjwa likachomelewa, na ndani lina mshono uliotuna kama kovu. Ilibidi kovu hilo likerezwe. Kazi hiyo nilipewa mimi.

Nilifunga bomba kwenye taya tatu za mashine, nikakaza. Nikaona halitoshi, nikakaza tena, maana niliogopa litaruka. Nikawasha. Kisu kilipogusa ndani, bomba lilipiga yowe ambalo nadhani lilisikika stendi. Nikapunguza, nikawa nakigusisha kidogo kidogo, nakibembeleza. Yowe likageuka mluzi. Baada ya dakika kumi nilizima, nikafungua taya, nikachukua betri nikiwa na uhakika. Haikuingia hata mdomoni.

Baba mdogo alilichukua bomba, akalielekeza mlangoni kwenye mwanga, akaniita nichungulie. Tundu lilikuwa na pembe tatu, ndogo ndogo lakini pembe kweli, kila moja katikati ya alama mbili za taya. Nilikuwa nimelikaba bomba jembamba likakubali umbo la mkono ulioliminya.

"Umelinyonga," alisema. Hakusema kwa hasira. "Na tena umelibembeleza. Stenlesi haipendi kubembelezwa. Ukiisugua bila kuikata inakasirika, inakuwa ngumu kuliko ulivyoikuta. Ingia kwa nguvu, toa chicha nene, au usiingie."

Kipande kile tulikitupa. Tulikuwa na kingine, kimoja tu.

Sasa akanionyesha. Alichukua kipande kifupi cha bomba nene la chuma, akakikereza ndani kiwe sawasawa na nje ya bomba letu, kisha akakipasua kwa msumeno upande mmoja kutoka juu hadi chini. Ikawa bushi yenye ufa. Akaivika bomba, ndipo akafunga taya juu ya bushi. Taya tatu zilipobana, bushi ilijifumba pande zote kwa pamoja, kama kiganja, si kama vidole vitatu. Akaweka kisu kipya, mwendo wa pole, maji ya sabuni yakidondoka kutoka kwenye kopo la Blue Band lililotobolewa kwa msumari. Akaingia mara moja. Hakukuwa na yowe. Chicha za stenlesi zilitoka ndefu, zimejisokota, zenye rangi ya asali zikigeuka buluu zikianguka. Nilitamani kuokota moja, nikakumbuka mshono nilioshonwa kidoleni mwaka wa kwanza.

Kovu lilikuwa limebaki kama upana wa kiganja pale umeme ulipokatika.

Wakati ule mji wetu uliendeshwa na majenereta ya dizeli, na kukatika kwake tulikuzoea kama kukohoa kwa mzee wa nyumba. Lakini kukatika kisu kikiwa ndani ya chuma ni msiba. Mashine ikasimama, ncha ya kisu ikavunjika, na baba mdogo alipokuwa akikitoa gizani kwa kupapasa, kikaacha mkwaruzo nje ya bomba, karibu na mdomo. Nilisema nitaupiga msasa uishe. Akakataa, ukuta una milimita moja na nusu tu, nikitafuna hapo patakuwa karatasi.

Ule mkwaruzo ndio uliomfanya aitazame picha upya. Upanga wa sinema una mkanda unaozunguka bomba, wenye kabali ya kukazia. "Hapa ndipo mkanda wako utakaa," alisema. Nami nilikuwa nimeuhesabu mkanda ule kuwa mbwembwe tupu.

Kitako alikikereza kwa shaba ya bushi kuukuu ya propela. Niliuliza kwa nini tusitumie stenlesi ili rangi ifanane. Akaniambia uzi wa stenlesi ndani ya uzi wa stenlesi hukamatana. Siku moja utakaza, na hutafungua tena mpaka ukate. Hata kwa shaba alisisitiza grisi, na oringi moja ya kuzuia maji. "Paka kama Mjerumani," alisema. Huo ni msemo wake. Meli yetu Liemba ilitengenezwa Papenburg mwaka 1913, ikavunjwavunjwa, ikaja kwa masanduku na kuunganishwa hapa hapa Kigoma. Mwaka 1916 Wajerumani wakaizamisha wenyewe isichukuliwe na adui, ila kwanza waliipaka injini grisi. Waingereza waliiinua 1924 na ikarudi kazini 1927. Baba mdogo alikitaja kisa hicho kila alipomwona mtu anafunga nati kavu.

Mambo ya juu yalikwenda haraka. Mpira wa mshiko nilikatiwa na fundi wa katambuga kutoka ubavuni mwa tairi, vipande sita. Kitufe chekundu kilitoka kwenye jiko la umeme lililokufa. Baba mdogo alikiunga na swichi ya kweli, na mkondo ukarudi kupitia bomba lenyewe. Kikokotoo chenye matone ya kukuza sikukipata Kigoma nzima, kwa hiyo nilipanga shanga saba za kioo kwenye ule mkanda. Hapo ndipo nilipojiletea balaa. Mama mmoja aliyeleta sufuria kuzibwa aliona bomba linalong'aa, mpira mweusi, kidude chekundu na shanga saba, akamvuta baba mdogo kando akamuuliza kwa sauti ya chini kama siku hizi tunafanyia kazi waganga. Baba mdogo alimjibu kwamba ni upanga wa mwanga. Yule mama aliondoka na sufuria yake ikiwa bado na tundu, na sote tulichelewa kidogo kukumbuka kwamba mwanga ni pia yule anayeruka na ungo usiku.

Jioni ya mwisho nilikifuta, nikakiweka begani, nikafanya ile sauti ya kuvuma kwa mdomo. Nina miaka ishirini na minne, nimevaa ovaroli. Baba mdogo aligeuka akatazama ukutani kunisitiri.

Juma lililofuata mwezi ulikuwa umepevuka na boti ziko nchi kavu. Mwenye boti mmoja wa Katonga alileta shafti iliyopinda, na tukiwa tumeinama juu yake umeme ukakatika. Baba mdogo, bila kufikiri, alinyoosha mkono rafuni, akabonyeza kitufe chekundu. Mwanga ulitoka mmoja, mnyoofu, ukagonga shafti pale pale ilipopinda.

Mwenye boti alisahau shafti. Alikichukua, akakipima uzito, akakizungusha, akafungua kitako kwa vidole viwili, akanusa grisi, akaona oringi. Akaelekeza mwanga barabarani hadi kwenye mti wa mwembe, akauzima, akauwasha.

"Kikianguka majini?"

"Kitazama," alisema baba mdogo. "Lakini kitazama kinawaka."

Akaagiza vitatu. Mlangoni akageuka, akanyoosha kidole kwenye mkanda wangu.

"Ila hizo shanga mtoe."